Mgeni Aliyekuja na Ndengu

Siku dada alipoingia chuoni, baba hakuangalia madarasa. Aliangalia ua.

Dada yangu ndiye kifungua mimba wetu, na ndiye mtu wa kwanza kwetu kuitwa chuo cha ualimu. Chuo chenyewe kiko Meru, upande wa Kinoru, mahali pa baridi na majani chai, na sisi ni watu wa Kiambere, huku chini kwenye joto, karibu na bwawa. Tulimsindikiza mimi, mdogo wake wa kike, na baba. Mama alibaki na mbuzi. Mimi nilipelekwa kwa sababu godoro lina pande mbili na baba alitaka mtu wa kushika upande wa pili.

Wazazi wengine waliuliza maswali ya wazazi. Chakula kikoje, maji yanapotea, kuna zahanati? Baba aliweka mikono nyuma akaanza kuizunguka hosteli ya wasichana polepole, macho chini, vile anavyozunguka zizi jioni kabla ya kwenda kulala. Ilikuwa nyumba ndefu ya mawe, madirisha yana vyuma, mlango wa mbele una kufuli kubwa. Hayo yote aliyapita. Alisimama nyuma ya bafu, mahali ambapo ua wa kayaba ulikuwa umekufa ukaacha pengo. Njia ilipita hapo katikati, imekanyagwa mpaka inang'aa.

"Hapa fisi anaingia," akasema.

"Baba, Kinoru hakuna fisi," dada akamwambia kwa sauti ya chini, akiangalia kama kuna mtu anasikia.

"Hata wa viatu?"

Akaazima panga kwa mtu wa shamba la chuo. Akavua koti lake moja la safari, akanipa nilishike, akaanza kukata matawi ya kayaba na kuyapanga kwenye pengo, shina ndani, miiba nje, akiyakanyaga yashikane, kama tunavyofunga mlango wa mbuzi. Wasichana wa mwaka wa pili walijaa madirishani.

"Mzee, unatufungia ndani na nani?"

"Kwani sisi ni mbuzi?"

Mmoja akalia mee-e-e, na hosteli nzima ikacheka. Masikio yangu yalikuwa moto mpaka nikadhani yanaonekana. Dada aliangalia viatu vyake vipya. Baba alimaliza, akafuta damu ya miiba kwenye suruali, akawaambia, "Laleni vizuri, watoto wangu." Walicheka tena, lakini kuna mmoja nilimsikia akisema, "Asante, baba."

Kisha metroni, mama mnene wa sweta ya kijani, aliwakusanya wanafunzi wapya na wazazi mbele ya mlango akasoma sheria. Geti linafungwa giza likiingia. Wageni ni Jumapili mchana peke yake, wanakaa ukumbini, hakuna mgeni anayeingia chumbani. "Na ukipokea mgeni, wewe ndiye unamjibia. Akivunja kikombe, umevunja wewe." Baba alitikisa kichwa kwa furaha. Njiani kurudi aliniambia, "Yule mama anajua kazi."

Likizo ya kwanza dada alipokuja nyumbani alinieleza kitandani, mdomo kwenye sikio langu, kwamba ile miiba haikukaa hata wiki mbili. Wasichana waliisukuma kwa mti kwa sababu ile ndiyo ilikuwa njia ya kwenda kununua mandazi kwenye vibanda. Naye walimpa jina la kumtania, Binti wa Miiba.

"Uliona haya?"

"Mwanzoni. Sasa naitikia." Akacheka. "Lakini usimwambie baba juu ya miiba. Mwache alale."

Alikuwa amebadilika. Alikuwa anaongea katikati ya watu. Alikuwa na rafiki, msichana wa huko Meru aliyelala kitanda cha karibu na chake, ambaye alikuwa na redio ya kaseti na alimruhusu aiguse. Alinieleza mambo ya kufundisha watoto wadogo kuhesabu kwa vifuniko vya soda, akachukua maharagwe jikoni akanionyesha. Nilimwangalia nikafikiri, kwa hiyo mtu anaweza kutoka hapa na akawa hivi. Sikusema. Mimi ni mtu wa kuongea kidogo, hata na dada yangu. Niliandika tu kwenye daftari langu.

Sasa nieleze juu ya yule mgeni.

Baba alipeleka mbuzi Embu sokoni. Baada ya kuuza aliingia hoteli moja kungoja gari la kurudi, na pale mezani akakuta mtu anayeongea Kimbeere, lugha yetu, tena safi. Yule mtu alikuwa na muguka, yale majani ya kutafuna, akampa. Baba nyumbani ni mtu wa maneno machache, hata mama hulalamika, lakini mpe mtu muguka mdomoni na chai mbele yake, na awe anaongea lugha yake katikati ya mji wa watu, atakueleza mpaka ndoto. Jioni alifika nyumbani akiwa na uso mwepesi kabisa.

"Leo nimekutana na mtu mzuri sana. Huwa anapita Meru kwa kazi zake. Amesema akipita atamsalimia msichana."

"Ni wa ukoo gani?" mama akauliza.

"Sikumuuliza. Tulikuwa tunakula."

Hilo lilimtosha mama. Kwetu mtu akiwa anakula haulizwi yeye ni nani. Nyanya alitulea hivyo, na alimlea baba hivyo. Unampa mtu chakula kwanza, ale, anywe maji, apumzike, halafu akipenda atajitaja. Kumuuliza jina wakati mkono wake uko kwenye sahani ni kama kumwambia unahesabu matonge yake. Watu wengi wamekula kwetu wakaenda na hatujui jina lao hadi leo, na hakuna aliyeona ni kitu cha ajabu.

Yaliyotokea chuoni nimeyapata kwa dada, kidogo kidogo, na si kwa siku moja.

Ilikuwa Jumapili, jua liko juu. Askari wa geti alimwita akamwambia ana mgeni kutoka nyumbani. Akakuta mtu mzima, shati limepigwa pasi, mkononi ana mfuko wa karatasi. Kabla dada hajamuuliza neno, yule mtu akaanza kumsalimia kwa Kimbeere. Baba yako anakusalimu. Goti lake linasumbua lakini anatembea. Yule mbuzi mweusi amezaa mapacha. Na amesema hapa mnalishwa maharagwe kila siku, ndiyo maana nimekuletea hizi. Kwenye mfuko kulikuwa na ndengu.

"Nilipoziona zile ndengu," dada aliniambia, "nilisikia harufu ya nyumbani mpaka machozi. Nikamshika mikono yote miwili. Nikamwita mjomba."

Ukumbi ulikuwa umejaa wageni, hakuna kiti. Na dada hakuweza kumpa mgeni wa baba chai akiwa amesimama kwenye korido kama mtu anayedai kitu. Akampeleka chumbani. Chumba chao kilikuwa cha mwisho, karibu na bafu. Wenzake walikuwa wamekwenda kuimba kwaya. Akamkalisha kwenye kitanda chake, akachukua kikombe, akaenda jikoni kuomba maji ya moto.

Aliporudi na chai chumba kilikuwa kitupu. Redio ya kaseti haikuwepo. Sanduku la yule rafiki yake halikuwepo, na ndani ndimo kulikuwa na makoti na viatu na shuka zake. Mashuka ya msichana wa tatu yalikuwa yametolewa kitandani. Vitu vya dada havikuguswa hata kimoja, na hilo ndilo lilimmaliza. Yule mtu hakupita kwenye pengo la ua. Alipita getini, sanduku mkononi, na askari akamfungulia, akamwambia, "Safari njema, mzee," kwa kuwa alimchukulia kama mzazi.

Barua ya kumwita baba ilikuja kwa sanduku la posta la shule yangu, kwa hiyo mimi ndiye niliyemsomea. Nilisoma nikiwa nimesimama mlangoni mwa zizi. Nilipofika kwa ndengu na mbuzi mweusi nilimwona akiweka mkono juu ya mti wa mlango. Hakuomba nirudie.

"Utakuja na mimi," akasema. "Kiswahili cha ofisini kinanishinda."

Ofisi ya mkuu wa wanafunzi ilikuwa na meza kubwa na viti vya kutosha kila mtu, lakini askari alibaki amesimama karibu na mlango. Kulikuwa na mkuu mwenyewe, mwalimu wa miwani, kulikuwa na metroni, na yule rafiki ya dada aliyeibiwa, macho mekundu. Dada alikaa peke yake upande mmoja wa meza. Alikuwa amekonda. Alituangalia tulipoingia, akaangalia chini.

"Tunataka kujua jambo moja tu," mkuu alisema. "Huyu mtu alijuaje jina lako? Alijuaje unatoka wapi, na una mbuzi gani?"

"Sijui, mwalimu."

"Hujui."

"Sijui."

Alijua. Alikuwa amejua tangu aliporudi na kile kikombe cha chai. Ni nani mwingine angesema habari za goti? Lakini baba alikuwa ameketi pale, kofia magotini, na dada hakutaka lile neno litoke mbele yake.

Askari akasema, "Mwalimu, mimi niliwaona. Alimshika mikono miwili. Hao wanajuana."

"Alimwita mjomba," rafiki ya dada akasema, na sauti ikamkatika. "Mimi sisemi yeye ni mwizi. Lakini mbona vyake havikuguswa? Mtu aniambie hilo tu."

Metroni alisema polepole kwamba wasichana wengine sasa wanasukuma vitanda mlangoni, na kuna mzazi amepiga simu akisema anamtoa binti yake kama wale waliomwingiza mwizi bado wako humo ndani. Alisema bila ukali. Alisema kama mtu aliyechoka.

Hapo baba akasimama. Alianza kwa Kiswahili, "Mimi ndiye mzazi," kisha akasimama kidogo, akanigeukia, akaendelea kwa lugha yetu. "Waambie."

Dada aliinua kichwa akanitazama. Alitikisa kichwa kukataa, kidogo tu, kama mtu anayefukuza nzi.

Lakini baba alikuwa amesimama na kofia mkononi, na sauti yake ilikuwa imeshatoka.

"Baba anasema," nikaanza, na sauti haikusikika vizuri, mkuu akaniambia niiongeze. "Baba anasema huyo mtu alielezwa na yeye. Anasema alimweleza habari za msichana, na chumba kiko wapi, na ua, na mbuzi, na goti. Kwa hoteli, Embu. Anasema dada hana kosa. Anasema kosa ni lake na yuko tayari kulipa vitu vya watu hata kwa mbuzi."

Nilifikiri labda imesaidia.

"Muulize jina la huyo mtu," mkuu akasema.

Nikamuuliza. "Halijui."

"Anakaa wapi?"

"Hajui."

"Walikaa meza moja, wakala, wakatafuna muguka, akamweleza binti yake analala chumba gani, na hajui jina lake?"

Nikamuuliza baba. Alinitazama kama mtu ambaye hakuelewa ugumu uko wapi.

"Mwambie tulikuwa tunakula."

Nikageuka kwa mkuu. "Anasema walikuwa wanakula."

Askari alicheka. Hakutaka kucheka, alifunika mdomo, lakini ilitoka. Rafiki ya dada aliweka kichwa mezani. Mkuu alivua miwani akaifuta kwa tai, na akaongea na baba moja kwa moja, kwa Kiswahili chepesi, kana kwamba mimi nimetoka.

"Mzee, naona wewe ni mtu wa ukweli. Na naamini msichana hakupanga wizi. Lakini nisikilize. Nina wasichana wengi katika nyumba ile, na wazazi wao wameniachia mimi. Sasa najua kuna mzazi anayeeleza watu asiowajua chumba kiko wapi na ua ukoje. Na binti yake akimpokea mtu kama huyo, anamwingiza ndani na kumwachia chumba. Nitawaambiaje wale wengine walale?"

Baba alielewa yote, niliona.

Uamuzi ulikuwa kwamba dada anaweza kuendelea na masomo, ila hosteli hapana. Atafute chumba cha kupanga mjini, kama wachache wengine wanavyofanya. Mkuu alisema kama mtu anayetoa zawadi, na kweli dada alishusha pumzi. Mimi pia.

"Chumba cha kupanga," baba akarudia. Akaniambia nimuulize mkuu, huko mlango unafungwa na nani.

"Na yeye mwenyewe," mkuu akajibu.

"Geti?"

"Inategemea ploti atakayopanga."

Baba akavaa kofia. "Basi arudi nyumbani."

"Baba, nitaweza," dada akasema. Alikuwa amesahau watu wote walio pale. "Baba, kuna wenzangu wanakaa nje, nitakaa na mmoja. Sitapokea mtu. Hata wewe ukituma mtu sitafungua. Baba, tafadhali. Imebaki mwaka mmoja tu."

"Nilikuacha mahali penye ukuta na askari na yule mama," baba alisema, kwa Kimbeere, kwa sauti ambayo hata sasa siwezi kuiandika vile ilivyokuwa. "Na akaingia. Na ukamletea chai. Na ni mimi niliyemtuma. Sasa nikuache mahali pasipo na mtu?"

Mkuu aliniangalia ili nimweleze. Sikumweleza. Yale hayakuwa yake.

Nje, baba alikwenda kukaa kwenye jiwe karibu na geti. Mimi na dada tulitembea kwenye nyasi kuelekea hosteli, na hatukugusana. Karibu na mlango aliniambia, bila kunitazama, "Ungemtungia jina."

"Nani?"

"Yule mtu. Walipouliza. Ungesema jina lolote tu, hata la mtu aliyekufa. Wangemtafuta huyo."

Sikuwa nimefikiri kwamba kitu kama hicho kinawezekana. Nilisimama pale na mdomo wazi.

"Hapana," akasema. "Baba angesikia. Usinijali, nimechoka."

Chumbani, rafiki yake alikuja nyuma yetu. Alishika upande mmoja wa shuka, dada akashika wa pili, wakaikunja kama walivyokuwa wamezoea, wakikutanisha ncha, wakirudi nyuma, wakikutana tena. Kwenye shuka ya mwisho yule msichana aliishikilia mikono ya dada wakati ncha zilipokutana.

"Sikusema wakutoe," akasema. "Aki, sikusema hivyo. Nilitaka tu vitu vyangu."

"Najua."

"Utaniandikia?"

"Nitakuandikia," dada akasema, na sisi wote watatu tulijua ni maneno tu.

Ule mfuko wa ndengu ulikuwa bado chini ya meza. Hawakuwa wamezipika wala kuzitupa. Tuliuacha hapo.

Tulipotoka na godoro, mimi upande wangu na yeye wake, kulikuwa na msichana mwingine kwenye korido, amekaa juu ya godoro lake lililofungwa kwa kamba, na mama yake amesimama kando. Dada alimpa metroni ufunguo. Metroni aliugeuza mkononi kidogo, akamshika dada bega, akataka kusema kitu, akashindwa. Kisha akampa yule msichana ufunguo ule ule.

Mama yake akauliza, "Hapa usalama ukoje?"

"Ni mzuri sasa," metroni akasema.

Hiyo ilikuwa mwaka jana. Dada anafundisha watoto wa nasari kanisani, bila cheti, mpaka apatikane mwalimu aliyesoma. Wakimpata atatoka. Barua moja ilikuja kutoka kwa rafiki yake na aliisoma nyuma ya nyumba, hakunionyesha. Baba hulipa polepole vile vitu, alisema atalipa na analipa, lakini Embu haendi tena. Mbuzi wetu huuzwa na jirani. Akikaa na watu hunyamaza, na wale wazee wenzake wamezoea, hawamuulizi tena.

Mimi niko Kidato cha Nne. Mwalimu wangu anasema nikishika hivi hivi nitaitwa chuo. Juzi tulikuwa tunakula jioni, dada anaosha sufuria pale mlangoni, na baba akaniuliza, akitazama sahani yake.

"Hizo shule za ualimu. Kuna moja ambayo mtu anaweza kusoma na kurudi kulala nyumbani?"

Nilijua anaomba nini: mahali pamoja tu ambapo angeweza kuniruhusu. Nilifikiri kwa haraka kila mahali ninapojua, na kila mahali palikuwa mbali.

"Hakuna, baba," nikamwambia.

Alitafuna, akameza.

"Sawa," akasema.

Dada aliacha kusugua ile sufuria. Baadaye kidogo akaendelea.